Wawili Chomboni: Safari za Pole na Delta ya Rufiji

Siku hizi, baina ya Tanga na Kilwa, hupita mashua nyeupe za tanga zenye watu wawili tu ndani yake, mara nyingi mume na mke, wanaotembea bandari kwa bandari bila ya haraka. Hawana shehena wala abiria. Hulala chomboni, hupika chomboni, na upepo ukikataa hutia nanga nyuma ya kisiwa wakangoja kesho. Wavuvi huwatazama kwa mshangao, maana kwa aliyezaliwa pwani chombo ni kazi, na safari isiyo na mzigo ni kitendawili. Hata hivyo mambo mawili yanayozifanya safari hizo zionekane ngeni, yaani upole wa mwendo na mume na mke kuwa pamoja majini, yana historia ndefu katika pwani hii. La kwanza lilikuwa sheria ya kila chombo cha tanga. La pili lilikuwa adimu baharini, lakini lilikuwa maisha ya kila siku mahali ambapo watu wa visiwani wamepajua zaidi kwa boriti zake kuliko kwa watu wake, nako ni delta ya mto Rufiji.

Mto huo unapokaribia bahari hugawanyika matawi mengi, na kila tawi lina mlango wake na jina lake: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Msala, Jaja. Baina ya matawi hayo mna visiwa vya tope na mikoko, na msitu huo ndio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyoungana pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Ulipopimwa kuelekea miaka ya 1990 ulikutwa na eneo la hekta zipatazo 53,000. Humo ndimo ilimo Kiongoroni, mojawapo ya kata tano za delta katika Wilaya ya Kibiti, pamoja na Mbuchi, Msala, Maparoni na Salale. Wenyeji ni Wanyagatwa, Wandengereko na wengineo waliochanganyika nao kwa ndoa na biashara. Visiwani humo mtu akitaka kwenda sokoni, hospitalini au harusini hutafuta chombo kwanza, kisha huuliza maji. Maji yanajaa au yanapwa? Hiyo ndiyo saa ya delta, na haina mtu awezaye kuirudisha nyuma.

Uhusiano wa mlango huu wa mto na vyombo vya mbali ni wa kale mno. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani alitunga kitabu cha uongozi wa mabaharia kijulikanacho kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Bandari ya mwisho aliyoitaja katika pwani yetu aliiita Rhapta, na akaeleza kuwa jina hilo limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya mahali ilipokuwa bandari hiyo, na wengi miongoni mwao wameelekeza kidole Rufiji. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua katika eneo la Kibiti, karibu na delta, akapata ushanga wa kioo uliotoka katika dola ya Kirumi. Ushanga hautaji jina la bandari, lakini unashuhudia kwamba bidhaa za bahari ya mbali zilifika huku zamani sana.

Katika maneno ya mwandishi yule limo moja ambalo wanaotafuta magofu hulipita upesi. Anasema kwamba manahodha na mawakala wa Kiarabu waliotumwa huku walikuwa wakioana na wenyeji, wakizijua pwani zao na kuifahamu lugha yao. Mambo hayo matatu, ndoa, pwani na lugha, ameyaweka katika sentensi moja, na mtu wa pwani ataona mara moja kwa nini. Nahodha mgeni hakupewa ramani. Alipewa mke, na pamoja na mke akapata mashemeji wanaojua mkondo upi una fungu la mchanga, mzee yupi husuluhisha ugomvi, kisima kipi kina maji matamu wakati wa kiangazi. Ndoa ilikuwa rubani wa kwanza. Lakini mke huyo, aliyeufungua mlango wa bandari, mwenyewe alibaki nchi kavu. Upepo ulipogeuka mume alitweka tanga, naye akakaa kuhesabu miezi.

Ili kuelewa kwa nini alibaki hapana budi kukitazama chombo chenyewe. Jahazi halikuwa na vyumba. Omo palikuwa pa nanga na kamba zake. Katikati, juu ya shehena, palikuwa pa mabaharia. Tezi palikuwa pa nahodha na mshika usukani. Jiko lilikuwa sanduku lililotiwa mchanga, moto ukawashwa juu yake, na upepo ulipovuma sana chakula kilikuwa tende na maji. Choo kilikuwa kizimba kilichoning'inizwa nje ya ubavu, karibu na tezi. Chini ngamani maji yalikuwa hayaishi kuingia, na zamu ya kuyafua haikumjua mkubwa wala mdogo. Harufu ya sifa, iliyopakwa mbao zisioze, ilikaa katika nguo na nywele hata wiki kadhaa baada ya kushuka. Kila mtu alilala pale alipofanyia kazi, na faragha ya binadamu mzima ilikuwa upana wa mkeka mmoja.

Hata hivyo mwendo ulikuwa wa pole. Jahazi la Unguja lililokwenda Rufiji kufuata boriti liliteremka na kaskazi, upepo uvumao tangu mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu, likapita visiwa vya Kwale na Koma, likangoja nje ya mlango wa mto mpaka maji yajae. Kuingia kwa maji ya kupwa kulikuwa kujitakia kupwelewa juu ya fungu na kulala upande kama nyangumi aliyetupwa ufukoni. Likisha kuingia, lilisukumwa kwa pondo na kuvutwa kwa kamba katika vijito ambamo matawi ya mikoko yaligusa foromali. Huko lilikaa wiki kadhaa, kusudi kusi, upepo wa kurudia, uanze kuvuma. Basi katika safari ya miezi miwili siku za kutembea zilikuwa chache kuliko siku za kungoja. Ngojo hiyo iliwapa mabaharia nafasi ya kushona tanga, kusokota kamba, kutunga nyimbo, kusimuliana visa na kutafuta jamaa. Ushairi mwingi wa bahari ulizaliwa katika saa hizo ambazo chombo kilikuwa kimesimama.

Mgeni mmoja aliyeyaona maisha hayo kwa macho yake na kuyaandika kwa urefu ni Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia. Mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda chombo cha Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, na katika mwaka 1939 akateremka nacho Lamu, Mombasa na Unguja, hatimaye akaingia delta ya Rufiji kupakia boriti. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Villiers alikuwa mtu wa matanga, aliyekwisha kuizunguka dunia kwa merikebu, lakini delta ilimshinda moyo. Aliona tope, mbu, mvua, joto lisilo na upepo, na mabaharia wakibeba miti ndani ya matope siku baada ya siku. Akaiandika delta kama nchi ya dhiki. Hakusema uwongo. Kwa mtu aliyeingia na chombo kikubwa, akafungwa na maji na miti, akisubiri shehena itimie, delta ni dhiki kweli.

Kitabu hicho hicho kina picha nyingine inayofaa kutajwa. Kabla ya kufika pwani yetu chombo kilijaa abiria kutoka Hadhramaut, na wanawake miongoni mwao waliwekwa katika chumba cha chini ya shetri, penye kiza na hewa nzito, wakakaa humo siku nenda siku rudi. Wanaume walikuwa juu, katika jua na upepo. Pengine katika kundi lile walikuwamo mume na mke, na wote wawili walikuwa katika safari moja, lakini wakatenganishwa na ubao. Heshima ilitaka hivyo, na chombo kisicho na vyumba hakikuwa na njia nyingine ya kuistiri. Kwa hiyo anayesema kwamba wanawake hawakusafiri baharini anakosea. Walisafiri, ila bahari waliisikia zaidi kuliko walivyoiona.

Miongoni mwa wachache walioiona na kuiandika ni Salme binti Said, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anakumbuka safari za mashua baina ya Mtoni na mjini, safari fupi za raha. Alipotoka Unguja mwaka 1866 alipanda manowari ya Kiingereza, akaenda Aden kumsubiri mchumba wake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Walioana huko tarehe 30 Mei 1867 na kushika njia ya Bahari ya Shamu kwenda Ulaya. Hiyo ndiyo safari ya wawili ijulikanayo kuliko zote katika historia ya Unguja, na gharama yake ilikuwa nchi nzima. Ilimlazimu binti wa mfalme aache ndugu, dini na lugha ili akae melini na mume wake. Mumewe alifariki mwaka 1870, baada ya miaka mitatu tu, akamwacha ugenini na watoto wadogo.

Sasa na turudi delta, katika chombo kidogo kuliko vyote. Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa. Hauna tanga wala shetri, hauna mahali pa kumficha mtu wala sababu ya kumficha. Mmoja hukaa mbele na kafi yake, mwingine nyuma akiongoza, na baina yao mna mbegu, chungu, mkeka, kuku aliyefungwa miguu, na mtoto. Mpunga wa Rufiji ndio uliowaweka wawili hao majini. Mashamba mengi yako mbali na kijiji, mahali ambapo maji matamu ya mto, yakisukumwa na bamvua, hupanda yakanywesha ardhi bila ya kuingiza chumvi. Mvua zikianza familia huhama. Huko shambani hujengwa dungu, nyumba ndogo iliyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ili mafuriko yapite chini yake na nguruwe na viboko wasifike. Mume na mke hulala huko miezi, wakifukuza ndege alfajiri na nguruwe usiku, hadi mavuno. Mwishoni mtumbwi hurudi umejaa mpunga, kingo zake zikikaribia kugusa maji.

Ukilitazama dungu kwa macho ya baharia utaona kuwa nalo ni chombo kilichotia nanga. Limezungukwa na maji, lina jiko la sandukuni au la juu ya udongo, lina upana wa mkeka, na mwenye kulala humo huamka akatazama kwanza maji yamefika wapi. Tofauti ni kwamba humu wamo wawili. Kazi hazikugawanywa kwa ubao wa shetri. Zimegawanywa kwa zamu, kama mabaharia wanavyogawana zamu ya usukani. Ugumu wake haufichiki. Mbu waliomtesa Villiers ndio hao hao, na mwanamke wa dungu hubeba, pamoja na zamu ya shamba, mzigo wa kupika na kulea. Haifai kuyapamba maisha hayo kama safari ya fungate. Lakini nahodha wa mbali aliyeiona delta kuwa dhiki, na mke wa Kinyagatwa aliyeiona kuwa njia ya shambani, walikuwa wakitazama maji yale yale. Mmoja alikuwa amefungwa nayo. Mwingine alijua yatageuka saa ngapi.

Visiwani tumeishi chini ya msitu huo bila ya kuufikiri. Boriti za mkoko zimebeba dari za Mji Mkongwe, na kwa kuwa mti wenyewe haurefuki bila kikomo, vyumba vya nyumba za kale vilijengwa vyembamba na virefu, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu kwa upana. Mti uliotoka Afrika Mashariki ndio uliopima chumba cha mtu wa Unguja, wa Maskati na wa Kuwait. Biashara hiyo ni ya kale: al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya kumi, alitaja kuwa nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao za nchi ya Zanj. Miti ilipangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ikahesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ingefaa kuongeza kuwa hata visivyoelea, vilivyolala juu ya vichwa vyetu darini, vimekatwa mahali na watu fulani, ndani ya matope.

Watawala nao waliuona msitu kabla ya kuwaona watu. Mwaka 1898 Wajerumani waliuweka chini ya usimamizi wa misitu, na kuanzia hapo mkazi wa delta, aliyekata mti wa nguzo ya dungu lake, aliweza kuhesabiwa mharibifu katika nchi ya babu zake. Baada ya miaka kumi na sita vita vikaja. Manowari ya Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikimbilia ndani ya delta na kujificha katika matawi yake. Waingereza waliiziba milango ya mto kwa miezi, hadi tarehe 11 Julai 1915 ilipoangamizwa kwa mizinga ya vyombo viwili vya maji madogo, Severn na Mersey. Vitabu vya vita hiyo ni vingi, navyo vimejaa mabaharia wa pande mbili. Watu wa mitumbwi, ambao njia zao za kwenda shambani na kuvua ziligeuka uwanja wa mizinga, hupatikana humo kwa shida, labda kama marubani au wabebaji wasio na majina.

Biashara ya boriti ilipungua pale saruji na chuma, vilivyonunuliwa kwa fedha za mafuta, vilipojenga miji mipya ya Ghuba. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Tanzania Bara ikapata mpango wake wa kusimamia mikoko mwaka 1991. Bandu bandu huisha gogo, na hofu ya wahifadhi haikuwa ya bure. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lakini swali la mwaka 1898 halikwisha. Mwaka 2011 Serikali ilitangaza nia ya kuwaondoa wakulima wa mpunga walioko ndani ya msitu wa mikoko, na dungu likawa tena ushahidi wa kosa. Wahifadhi wana hoja kwamba shamba jipya la mpunga hufyekwa mahali pa mikoko, na mikoko ndiyo uzio wa pwani na malezi ya kamba na samaki. Wakulima wana hoja kwamba wamekuwamo kabla ya orodha zote, na kwamba chumvi ikipanda katika tawi moja hawana budi kutafuta tawi jingine. Hoja zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo palipo na uzito wake.

Mto wenyewe nao umebadilika. Mafuriko ya mwaka 1978 yaliyaelekeza maji mengi katika matawi ya kaskazini. Baadaye ukajengwa ukuta wa bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa mwezi Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mwaka 2024. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, mafuriko makubwa yaliyaingia mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mkulima wa delta, aliyezoea kuisoma mvua ya bara kwa rangi ya maji, sasa analazimika kukisoma pia kitu asichokiona, yaani milango ya bwawa iliyo mbali naye. Kujaa na kupwa kwa bahari kungali kule kule. Kujaa na kupwa kwa mto kumepata nahodha wa pili, na wahenga wametuonya juu ya chombo chenye manahodha wengi.

Wapitao na mashua nyeupe, wakitia nanga kungoja upepo, wanajifunza kwa hiari jambo ambalo wazee wa jahazi walilijua kwa lazima, kwamba bahari haimtumikii mwenye haraka. Hilo ni jema. Lakini ustadi wa wawili kuishi pamoja juu ya maji, kugawana usukani, kujua ni nani alale na ni nani akeshe, haukuletwa na mashua hizo. Umekuwa ukitendwa kwa vizazi katika vijito vya Kiongoroni na Msala, na haukuandikwa kwa kuwa walioutenda hawakuwa na shehena ya kumvutia mwandishi. Kama delta itabaki bila ya mitumbwi hiyo, msitu huenda ukaonekana mzuri zaidi katika picha zinazopigwa kutoka angani. Elimu ya maji yake, iliyokaa katika vichwa vya mume na mke waliokaa ncha mbili za gogo moja, haitakuwa na pa kulala. Wakati ungali upo wa kwenda kuwauliza, na wa kuandika majina ya vijito kwa jinsi wanavyoviita wao.